Waya Mweusi

Pampu ya nne usinifungulie, Bwana Shekue.
Iache kwenye boksi lake, na risiti yake.
Kwanza fungua swichi. Stata usipige.
Nyamaza.
Umesikia? Chini ya kiti cha nyuma:
nnnn,
nukta mbili, kisha kimya.

Hiyo ndiyo pampu. Imo ndani ya tangi,
imezama kwenye petroli kama mbegu ndani ya tikiti,
na petroli inayoisukuma ndiyo hiyo inayoipoza.
Ndiyo maana nakugombeza
ukienda Marereni na taa ya njano
na mafuta ya shilingi mia mbili.

Kimya kile si ugonjwa. Ni amri.
Kompyuta imeona injini haizunguki,
ikasema basi.
Siku utakayopinduka, Mungu apishe mbali,
hutataka pampu iendelee kumimina petroli kwenye moto.

Lakini wewe shida yako iko kimlimani, darajani Sabaki,
ukiwa na magunia kumi na manane ya chumvi:
gari linakohoa, linakata pumzi.
"Pampu," alisema fundi wa Kisumu Ndogo.
"Pampu," alisema wa Mtwapa, akakuuzia ya pili.
Ya tatu ulijiandikia dawa mwenyewe.

Nipe mita.
Betri, kumi na mbili na ushei. Haina neno.
Fyuzi ya kumi na tano: naitazama juani,
uzi wake mzima.
Rilei, weka kidole hapa. Tak. Imeitika.
Umeme mdogo wa swichi umeufungulia mkubwa,
kama karani mwembamba anayelifungulia lori geti.
Sasa nairuka kwa kipande cha waya
ili pampu isinyamaze tukipima.

Waya mwekundu umepita chini ya zulia
ukafika tangini na kumi na mbili zake,
hakuna aliyeupora njiani.
Na pampu yenyewe inapata nane.
Nane, Bwana Shekue!
Nne zimekwenda wapi?

Mnadhani umeme huenda tu.
Unatoka, unafika, unatumika, unakwisha
kama soda kwenye mrija.
Haukwishi. Unataka kurudi kwao betrini.
Uzibie njia ya kurudi, hautoki.
Ibane njia hiyo, utakwenda kwa kusitasita
kama mtu aliyeambiwa
nauli ya kurudi utaijua hukohuko.

Njia yenyewe ndiyo hii:
waya mweusi, shibiri moja na nusu,
na bolti namba kumi iliyoushikilia kwenye bodi.
Lete tochi.
Inama, shati litafuliwa.

Chumvi.
Miaka mitatu ya magunia yanayovuja,
punje moja kila shimo la barabara,
ikanywa unyevu wa usiku,
ikala bati, ikaota koga ya kijani juu ya shaba.
Pampu tatu umezizika
na maiti hakuwamo.

*

Nilisugua kwa msasa hadi bati likang'aa.
Nikakata kichwa cha waya, nikabana kipya,
nikapaka grisi, nikakaza.
Mita ikasoma kumi na mbili kasoro kidogo.
Dakika ishirini, na kumi kati yake
nilikuwa naitafuta spana.

Alilipa nusu. "Nusu nyingine nikirudi, Nyevu."
Nilijua kimlima amekipanda
kwa sababu simu haikulia.

Pampu zake kuukuu aliziacha juu ya meza yangu,
vyuma chakavu, alisema, nimpe mtoto auze.
Nilipopata nafasi nikaziunga betrini,
moja moja, kwa nukta moja tu,
maana pampu kavu hujichoma.

Nnn.
Nnn.
Ya Mtwapa ilichelewa kidogo, halafu nnn.

Nimezifunga kwenye gazeti,
nikaandika jina lake kwa kalamu ya rangi.
Zipo kwenye rafu ya juu,
zinaingoja ile nusu.